NYUMBANI NA SHAMBANI: Ndege Afukuaye Majani Chini ya Migomba

Tulikuwa tumekusudia mwezi huu kuyamaliza maneno yetu juu ya zizi la mbuzi, nayo tumekwisha yaandika hata nusu. Lakini imetufikia barua ya mwalimu mmoja wa upande wa Marangu, tukaona yafaa kumjibu upesi, maana mbuzi wamo zizini wala hawatakimbia.

Mwalimu huyu asema ya kuwa katika kitabu cha Kiingereza wanachosoma watoto wake mna picha ya ndege mwenye kifua chekundu aitwaye robin, amesimama penye majani mafupi akivuta nyungunyungu. Mtoto mmoja akanyosha mkono, akasema, "Mwalimu, ndege huyu yuko kwetu. Hufukua majani chini ya migomba ya bibi." Wenzake wakamcheka sana, kwa kuwa ndege wa kitabuni ni wa Ulaya, na migomba ya bibi ni migomba tu. Naye mwalimu, asijue la kusema, aliwaacha wacheke, akaendelea na somo. Sasa moyo wake hautulii, naye auliza: je, mtoto yule alisema kweli?

Twamjibu kwamba mtoto alikaribia sana kusema kweli, kuliko hao waliomcheka. Na kama walicheka mbele ya darasa zima, basi mwalimu naye asione haya kumrudishia mtoto heshima yake mbele ya darasa zima.

Ili jambo lieleweke, yatupasa kujua ya kuwa jina hilo robin wameitwa ndege wawili wasiofanana sana. Wa kwanza ni yule wa Uingereza, mdogo, urefu wake kama sentimita 14, uso na kifua vyake vina rangi ya chungwa. Huyo hayumo katika habari yetu ya leo. Wa pili ni wa Marekani. Waingereza waliohamia huko zamani walimwona ndege mwenye kifua chekundu, wakawakumbuka ndege wa kwao, wakampa jina lile lile, ijapokuwa ni mkubwa karibu mara mbili kwa urefu, na ni wa ukoo mwingine. Ndivyo wafanyavyo watu wote walio mbali na kwao. Hata sisi tukienda Dar es Salaam huutafuta mti mmoja unaofanana na wa nyumbani, tukauita kwa jina la nyumbani.

Basi ndege huyo wa Marekani Bwana Linnaeus, mtaalamu wa Sweden, alimwandika katika mwaka wa 1766 kwa jina la Turdus migratorius, maana yake ni msafiri, kwa sababu wengi wao huhama baridi ikizidi na kurudi theluji inapoyeyuka. Ndugu yetu mmoja aliyekaa Minnesota kwa masomo alituambia ya kuwa watu wa huko humngojea kama sisi tunavyongojea mvua za kwanza za masika. Amwonaye wa kwanza huwaambia majirani. Majimbo matatu, yaani Michigan, Wisconsin na Connecticut, yamemchagua awe ndege wa jimbo. Kumtambua si kazi. Urefu wake ni kama sentimita 25. Mgongo ni wa kijivu cha udongo, kichwa cheusi chenye vipande vyeupe kuzunguka jicho, mdomo wa manjano, na kifua chote ni cha rangi ya tofali lililochomwa vizuri. Mayai yake ni ya buluu tupu pasipo doa. Naye hukimbia hatua chache juu ya majani, husimama ghafula, huinamisha kichwa upande kama mtu asikilizaye mlangoni, kisha hudonoa. Watu walibishana siku nyingi kama asikiliza au aangalia. Katika mwaka wa 1997 wataalamu wawili, Montgomerie na Weatherhead, walionyesha ya kuwa aweza kumpata mdudu aliyefichwa ndani ya udongo kwa kumsikia tu, hata asipomwona.

Ukiisha kuyasoma hayo, toka nje alfajiri uangalie chini ya migomba yako. Tunasema na ninyi mkaao katika vihamba vya juu, tangu Machame na Kibosho, Uru, Old Moshi, Kilema na Marangu hata Rombo. Yuko ndege mmoja mwenye mgongo mweusi-mweusi wa rangi ya zeituni mbivu, koo lenye michirizi iliyofifia, tumbo na mbavu za rangi ya chungwa iliyochafuka kidogo, na mdomo na miguu ya rangi ya chungwa kabisa. Urefu wake ni kama sentimita 22. Hatembei kama kuku. Hurukaruka, husimama, huinamisha kichwa, kisha huyarusha majani makavu kushoto na kuume kwa mdomo kama mtu atafutaye sindano iliyoanguka. Mara nyingi utausikia mshindo wa majani kabla ya kumwona mwenyewe. Waandikao habari za ndege kwa Kiswahili humwita kiruwiji. Wachagga wana majina yao, nayo hubadilika kadiri uendavyo toka magharibi mwa mlima hata mashariki, kama maneno yetu mengine yabadilikavyo.

Huyu ndiye ndugu wa yule wa Marekani. Jina lake la kitaalamu ni Turdus abyssinicus, kwa kuwa milima ya Uhabeshi ni kwao pia, naye hukaa milimani toka huko, kupitia Kenya na Uganda, hata kwetu. Na hawa wa Kilimanjaro wamepewa jina la tatu, deckeni, kwa ajili ya Baron Karl Klaus von der Decken, Mjerumani aliyejaribu kuupanda mlima wetu katika mwaka wa 1861, na tena katika mwaka wa 1862 pamoja na Bwana Otto Kersten, wala hakufika kileleni. Akauawa katika mwaka wa 1865 huko Bardera, penye mto Juba. Ndege ameachiwa jina lake, naye hufukua majani pasipo habari.

Kama mwataka kuhakikisha ya kuwa wawili hawa ni wa ukoo mmoja, waangalieni watoto wao. Kinda wa Marekani na kinda wa kwetu, wakitoka katika kiota, wote wana madoadoa kifuani. Kwa yule wa Marekani na kwa huyu wa kwetu, wakiisha kukua madoadoa hufutika, lakini utotoni ukoo haujifichi.

Wengi humchanganya kiruwiji na ndege wengine wawili. Wa kwanza ni kurumbiza. Huyu ni mdogo zaidi, ana mstari mweupe juu ya jicho, koo na kifua cha rangi ya chungwa, na tumbo la kijivu. Naye hupenda kukaa katika ua wa masale na kutokea jioni sana, wakati wa kuwasha taa. Walowezi Waingereza walimwita robin huyu pia, wala hawakukosa sana, maana ni wa jamaa ya yule mdogo wa kwao. Wa pili ni shore, naye hana chungwa popote: kichwa cheusi chenye kishungi kidogo, mwili wa kahawia, tumbo jeupe, na chini ya mkia manjano kama kiini cha yai. Walio mjini Moshi na tambarare ya chini wasimtafute sana kiruwiji penye joto. Wao wanaye shore, naye ni rafiki wa kutosha. Ukisikia mashore wamekusanyika kichakani wakipiga kelele za hasira pasipo kunyamaza, usimpeleke mtoto akaokote kuni hapo mpaka umetazama. Mara nyingi yuko nyoka, au bundi aliyelala.

Sasa tuseme jinsi ya kumwita kiruwiji nyumbani, kwa maana kumtambua ni nusu ya jambo. Wamarekani wana desturi ya kuwawekea ndege chakula bustanini. Lakini yule mwenye kifua cha tofali hajali sana mbegu kama ndege wengine. Humwekea wadudu waliokaushwa, vipande vya tofaa, na maji ya kuoga. Hutuhitaji kununua kitu. Kihamba chenyewe ndicho meza yake, mradi usimwondolee kitambaa cha mezani.

Kitambaa hicho ni majani. Hapa tutagombana kidogo na akina mama, nao watusamehe. Ua mbele ya nyumba na ufagiliwe hata uangaze. Hilo ni sifa ya nyumba, na nyoka hupungua. Lakini tumeona watu wafagiao mpaka katikati ya migomba, wakakusanya majani makavu na magome, wakayatia moto siku ya Jumamosi ili Jumapili pawe safi. Wazee wetu hawakufanya hivyo. Majani ya mgomba yaliachwa chini, mabua yakakatwakatwa, samadi ya ng'ombe ikatoka zizini ikaongezwa juu, na chini yake nyungunyungu wakawa tele, udongo ukawa mweusi na wenye unyevu hata Septemba. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilikitambua kilimo hiki cha kihamba katika mwaka wa 2011, likikitaja kile cha Shimbwe Juu kuwa urithi wa ulimwengu wa kilimo. Kwa hiyo ukiyaacha majani yako hufanyi uvivu, nawe waweza kuwajibu hivyo wageni wako. Siku ile ile utakapoacha kuchoma, kiruwiji atakuwa amekwisha jua.

Tena mpandie mti wenye matunda madogo. Mforosadi mmoja penye mpaka humtosha, na watoto nao watakula. Mkuyu ukiwapo usiukate. Mringaringa na mfuruanje, pamoja na kutia kivuli juu ya kahawa, humpa mahali pa kuimbia na matawi ya kujengea. Kiota chake ni bakuli kubwa la kuvu na mizizi na nyasi, mara nyingi lenye udongo chini, nalo huliweka katika panda ya mti, si juu sana. Mayai ni mawili au matatu, ya buluu ya kijani yenye madoa ya kahawia. Hulaliwa kama majuma mawili, na makinda hukaa kiotani kama majuma mawili mengine. Ukikiona, kitazame mara moja uende zako. Watoto wakienda kila siku kuchungulia hufanya njia kwenye majani, na paka huifuata njia hiyo.

Maji nayo. Kigae cha chungu kilichovunjika chatosha, maji yawe na kina cha vidole viwili, na kiwekwe mahali pa wazi ili aone adui akija. Badili maji kila siku kwa ajili ya mbu.

Habari za manati hatutasema mengi, kwa kuwa kila mwalimu ana droo iliyojaa manati alizozinyang'anya. Mwalimu mmoja tunayemjua aliwapa wavulana wale wale wenye manati kazi ya kuhesabu viota njiani toka nyumbani hata shuleni. Hesabu zao zilikuwa za uongo, lakini ndege walipona.

Liko jambo lingine, na tungependa kulinyamazia. Lakini mwalimu wa Marangu ameuliza kwa unyofu, nasi hatuwezi kumjibu nusu.

Katika masika ya mwaka wa 2017 nyumbani kwetu walikuwapo viruwiji wawili, mume na mke, kwa mwaka wa tatu. Yule mume alikuwa akiimba juu ya mfuruanje kabla hatujapiga kengele ya sala ya asubuhi, na binti yetu, aliyekuwa na miaka tisa, alikuwa ameamka kwa sauti hiyo siku zote asihitaji kuamshwa. Mama yake alikuwa na bustani ya kabichi kando ya migomba. Sota wakaingia. Kila asubuhi alikuta miche mitano, sita, imekatwa chini kama kwa wembe. Tukaenda sokoni, tukanunua dawa katika duka ambalo hatutalitaja. Tulipewa katika chupa ya soda isiyo na karatasi wala maandishi. Muuzaji akasema kizibo kimoja kwa ndoo. Sisi, kwa kuwa sota walikuwa wengi na hasira ilikuwa nyingi, tukatia vizibo viwili. Tulinyunyiza siku ya Jumamosi, bustani yote, na chini ya migomba iliyo karibu, tukisema sota hujificha huko. Kisha tukaosha bomba la dawa katika mfongo upitao nyuma ya nyumba.

Jumatatu binti yetu alimleta kiruwiji mkononi. Alikuwa akitetemeka mwili mzima, mdomo wazi, mbawa zimeanguka. Mtoto alikuwa amemfunika kwa sketi ya shule ili apate joto. Alikufa kabla ya uji kuiva. Jumatano tukamwona wa pili chini ya mringaringa, naye amekwisha kuwa mkavu, na siafu wamo machoni. Siku hiyo hiyo kuku mmoja akafa. Tukataka kumchinja upesi asipotee bure, lakini mama wa nyumba alimshika miguu akamtazama, akasema, "Baba, kuku huyu hakufa kwa kideri." Akachimba shimo mwenyewe.

Hatukupima kitu kwa mizani, wala hatuna cheti cha mtaalamu. Lakini ndege wawili na kuku mmoja katika juma moja, katika bustani moja, hatukuhitaji cheti. Lililotutia hofu usiku ule halikuwa ndege. Lilikuwa mfongo. Chini yetu ziko nyumba tatu zitumiazo maji yale, na katika moja yumo bibi mzee ayatekaye kwa kunywa, asiyekubali maji ya bomba kwa kuwa asema hayana ladha. Asubuhi tukashuka kuwaambia. Njia ni fupi, nasi tuliiona ndefu, kwa sababu katika nyumba hizo tatu ndimo tulimofundisha watoto amri na maswali ya ubatizo. Nyumba mbili walitusikiliza wakashukuru. Katika ya tatu mzee wa nyumba alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwalimu, maji ya Jumamosi yamekwisha fika Njia Panda. Leo Alhamisi waja kutuambia nini?" Tukasema, "Meku, twaja kusema tulifanya vibaya." Akanyamaza, akaenda kuwakatia ng'ombe majani. Bibi yule hakupatwa na neno, wala watoto. Lakini mwaka mzima mzee yule alitusalimu kwa ufupi, nasi hatumlaumu.

Miezi kadhaa baadaye ndugu yetu aliyekaa Minnesota alikuja likizo, tukamsimulia. Akatuambia ya kuwa jambo hilo hilo liliwapata Wamarekani, tena kwa ndege yule yule mwenye kifua cha tofali. Katika chuo kikuu cha jimbo la Michigan, kuanzia mwaka wa 1954, walinyunyizia DDT miti mikubwa ya elm, ili kuwaua mende wadogo waenezao ugonjwa wa miti hiyo. Hakuna aliyewanyunyizia ndege. Majira ya pili ndege walirudi toka kusini, nao wakaanza kufa wakitetemeka chini ya miti. Profesa George Wallace wa chuo hicho alidhani kwanza kuwa ni ugonjwa. Ndipo katika mwaka wa 1958 Daktari Roy Barker akaifuata njia yote: dawa ilikaa juu ya majani, majani yakaanguka wakati wake, nyungunyungu wakala majani, wasife wote, bali wakaiweka dawa miilini mwao, ndege wakala nyungunyungu. Bibi Rachel Carson aliyaandika hayo katika kitabu chake Silent Spring cha mwaka wa 1962, akaeleza ya kuwa nyungunyungu wakubwa 11 tu waweza kubeba dawa ya kutosha kumwua ndege mmoja. Na ndege huyo hula hesabu hiyo kwa dakika chache. Mwaka wa 1972 serikali ya Marekani ilipiga marufuku matumizi ya DDT mashambani.

Tulipoyasikia hayo tulielewa kwa nini binti yetu alimwokota ndege siku mbili baada ya kunyunyiza, si siku ile ile. Maana siku ile ile tuliangalia, tukaona wazima, tukafurahi.

Basi, wasomaji, hatusemi mtu asitumie dawa kabisa. Tuna kahawa, twajua chulebuni na kutu ya majani. Baba zetu walinyunyiza shaba miaka mingi, na shaba haiozi, hukaa katika udongo wa juu, nayo nyungunyungu hawaipendi. Lakini siku hizi kituo cha utafiti wa kahawa cha Lyamungo kimetoa aina za miche zisizoshikwa kwa urahisi na magonjwa hayo mawili. Wenye mibuni mizee na waulize habari zake, kwa maana mbuni usiougua hauhitaji bomba. Na kuhusu sota, mama wa nyumba yetu sasa huzungusha majivu kuzunguka kila mche, na jioni hushuka na taa na kopo, akifukua udongo kwa kijiti, akiwakamata kwa mkono. Ni kazi. Watoto hulipwa shilingi kwa kila sota kumi, na hesabu zao za sota, tofauti na zile za viota, ni za kweli, kwa sababu mama yao huzihesabu tena.

Kama huna budi kutumia dawa, usinunue isiyo na karatasi. Soma kipimo, na kipimo kikisema kimoja kiwe kimoja. Usinyunyize chini ya migomba penye majani yaozayo. Maji ya kuoshea bomba yamwagwe mbali na mfongo na kisima, katika shimo lililo shambani, wala si mahali pengine. Chupa tupu isipewe watoto wala isitiwe mafuta ya taa.

Mwaka uliofuata hapakuwa na kiruwiji kwetu. Shore walikuwapo, na kurumbiza jioni, lakini juu ya mfuruanje palikuwa kimya wakati wa kengele, na binti yetu tulimwamsha kwa kumgonga mlango. Tulidhani hawatarudi. Tuliacha majani yaanguke yakae. Katika mwaka wa 2019, mwezi wa Novemba mvua za vuli zilipoanza, tulikuwa tumesimama penye zizi tukasikia majani yakirushwa. Hatukumwita mtu. Mama wa nyumba alikuwa amekwisha sikia, naye alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi.

Mwalimu wa Marangu, mpe yule mtoto salamu zetu. Kama waweza, wachukue darasa lote asubuhi moja waende kwa bibi yake, wakae kimya penye ukingo wa kihamba kwa muda wa kusoma ukurasa mmoja, kitabu kikiwa wazi penye picha ile. Kisha waandike tofauti zote waonazo kati ya wa kitabuni na wa migombani: mdomo, koo, tumbo, miguu. Na wasomaji wa vihamba vyote, tuandikieni jina la ndege huyu kwa Kichagga cha kwenu, na mahali mkaapo, nasi tutayapanga majina hayo katika ukurasa huu baada ya kumaliza habari za mbuzi.